Polisi mbele ya mgonjwa wa akili: Kwa nini nguvu huzaa maafa

MNAMO Septemba 24, 1987, polisi wa mji wa Memphis, jimbo la Tennessee nchini Marekani, waliitwa katika mtaa wa nyumba za umma wa LeMoyne Gardens. Kijana wa miaka 27, aliyekuwa na historia ya maradhi ya akili, alikuwa akijikatakata kwa kisu.

Polisi walimwamuru atupe kisu chini. Hakutii. Aliposogea kuelekea walikosimama, walimpiga risasi kadhaa, akafa. Walioita polisi walikuwa wakitafuta msaada, wakaishia kuandaa mazishi.

Kisa hicho hakikuwa cha kwanza cha aina yake, wala hakikuwa cha mwisho. Hata hivyo, ndicho kilichowasukuma viongozi wa mji huo kuuliza swali ambalo mataifa mengi yangali yanalitafutia jibu: mtu anapozidiwa na maradhi ya akili, ni nani anayestahili kumfikia kwanza, na afike akiwa na nini mkononi?

Makala haya yanaeleza jinsi matumizi ya nguvu dhidi ya wagonjwa wa akili yanavyosababisha vifo, hatua zilizochukuliwa ng’ambo, zilizofaulu na zilizogonga mwamba, na yale ambayo sheria za Kenya zinadai kutoka kwa polisi.

Ukubwa wa tatizo

Kati ya mwaka 2015 na 2024, gazeti la Washington Post liliweka kumbukumbu ya kila mtu aliyepigwa risasi na kuuawa na polisi waliokuwa kazini nchini Marekani. Idadi ilipita watu 10,000. Takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa ameonyesha dalili za ugonjwa wa akili.

Mwaka 2015, shirika la Treatment Advocacy Center lilikadiria kwamba mtu mwenye maradhi makali ya akili ambaye hapati matibabu alikuwa na uwezekano mara 16 zaidi wa kuuawa anapokutana na polisi, akilinganishwa na raia wengine.

Takwimu hizo hazina maana kwamba wagonjwa wa akili ni watu wa kuogofya. Wengi wao hawamdhuru mtu yeyote, na mara nyingi wao ndio hudhulumiwa. Sababu kuu iko kwingine: jamii iliwafungia milango ya matibabu, kisha ikawaachia polisi mlango wa mwisho.

Mnamo 1955, hospitali za serikali za magonjwa ya akili nchini Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Nyingi zilikuwa mahali pa mateso, na kulikuwa na sababu njema ya kuzipunguza. Oktoba 1963, Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya kuwatibu wagonjwa karibu na nyumbani kwao.

Hospitali zilipunguzwa, lakini vingi vya vituo vilivyoahidiwa havikujengwa. Wagonjwa walirudi kwa jamaa wasiojua la kufanya, wengine wakaishia barabarani. Usiku wa manane, hali inapochafuka, simu iliyobaki ni ya polisi.

Amri isiyosikika

Ili kufahamu kwa nini maafa hutokea, yafaa kutazama jinsi polisi wanavyofunzwa. Afisa anayemkabili mtu mwenye silaha hufundishwa kutoa amri kwa sauti kali, kuonyesha bunduki na kumdhibiti mhusika kwa haraka. Mbinu hiyo huweza kumtisha mwizi, kwa kuwa mwizi hupima faida na hasara.

Mgonjwa aliyezidiwa hapimi hivyo. Huenda anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaamini kwamba waliomzingira wametumwa kumuua. Polisi watatu wanapopiga kelele kwa pamoja, kila mmoja na amri yake, wanamthibitishia hofu aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Kutotii kwake huchukuliwa kuwa ukaidi, na kila hatua anayopiga kuwa shambulio.

Mwaka 1983, afisa mmoja wa polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia umbali wa futi 21, yaani kama mita sita na nusu, kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Alinuia kuwatahadharisha wenzake wakae mbali. Kadiri miaka ilivyopita, vyuo vingi vya polisi vililigeuza onyo hilo kuwa kama kibali: akiwa ndani ya umbali huo, mpige risasi.

Mnamo 2016, taasisi ya utafiti wa polisi ya Marekani iitwayo PERF ilitoa mwongozo wenye kanuni 30, ukipinga matumizi hayo ya futi 21. Kabla ya hapo, wakuu wa polisi wa Marekani walikuwa wamezuru Scotland, ambako polisi wengi hawabebi bunduki, kuona jinsi wenzao wanavyomtuliza mtu mwenye kisu bila kumuua.

Walichokiona si uchawi. Afisa hurudi nyuma badala ya kusonga mbele. Hutafuta kitu cha kujikinga, kama vile gari au ukuta. Mmoja tu ndiye huzungumza, tena kwa upole. Hakuna anayetazama saa. Umbali na kinga huleta muda, na muda humpa mgonjwa nafasi ya kutulia.

Mafunzo yaliyotokana na mwongozo huo yalipimwa na watafiti mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Visa vya polisi kutumia nguvu vilipungua kwa asilimia 28 na majeruhi miongoni mwa raia kwa asilimia 26. Majeruhi miongoni mwa polisi wenyewe walipungua kwa asilimia 36. Yaani upole haukuwaponza maafisa, uliwalinda.

Hatari ya kulazwa kifudifudi

Si lazima risasi ilie ndipo mtu afe. Vifo vingine hutokea mikononi mwa maafisa wasiokuwa na nia ya kuua, mgonjwa anapolazwa kifudifudi, akatiwa pingu na kukandamizwa kwa uzito wa watu kadhaa.

Mtu aliyelala hivyo hupata taabu kupanua kifua. Anapokosa hewa hujipinda na kurusha miguu, naye afisa hudhani anapigana, akazidisha uzito. Kunyamaza kwake huonekana kuwa dalili ya kutulia, kumbe moyo unasimama.

Machi 2020, mjini Rochester, jimbo la New York, Daniel Prude, mwenye umri wa miaka 41, alitoka nyumbani kwa kakaye usiku wa baridi kali akiwa amechanganyikiwa. Kakaye aliomba msaada wa polisi. Walimkuta barabarani akiwa uchi, wakamtia pingu, wakamvika mfuko wa kuzuia mate kichwani na kumkandamiza chini. Aliacha kupumua, akafariki wiki moja baadaye.

Uchunguzi wa maiti ulisema kifo hicho kilikuwa cha kuuawa, kutokana na kukosa hewa alipokuwa akizuiliwa, na ukataja pia dawa ya kulevya mwilini mwake. Umma haukuona video ya tukio hadi Septemba mwaka huo. Februari 2021, jopo la mahakama lilikataa kuwashtaki maafisa waliohusika.

Uingereza nayo ina kovu lake. Mwaka 2010, Olaseni Lewis, kijana wa miaka 23, alipelekwa na wazazi wake katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Bethlem, London. Alipotaka kuondoka, polisi waliitwa. Maafisa 11 walimkandamiza kwa zaidi ya nusu saa. Alipoteza fahamu na kufariki siku chache baadaye.

Wazazi wake walipigania haki kwa miaka minane. Mwaka 2017, baraza la uchunguzi wa kifo hicho liliamua kuwa nguvu iliyotumiwa ilikuwa ya kupita kiasi. Novemba 2018, Bunge lilipitisha sheria ambayo wengi huiita Sheria ya Seni, kwa jina la utani la kijana huyo. Inazitaka hospitali za akili kuweka rekodi ya matumizi ya nguvu, na polisi wanaoitwa humo kuvaa kamera inapowezekana.

Kwa miaka mingi, vifo vya aina hii nchini Marekani vilielezwa kuwa matokeo ya hali iliyodaiwa kumfanya mgonjwa apandwe na wazimu, apate nguvu zisizo za kawaida, kisha afe ghafla. Maelezo hayo yaliondoa lawama mikononi mwa waliomkandamiza na kuitwika maiti.

Mwaka 2023, chama cha madaktari wa huduma za dharura cha Marekani kiliifuta rasmi ripoti yake ya 2009 iliyokuwa imeunga mkono dhana hiyo. Mwaka huo huo, jimbo la California lilipiga marufuku kuitaja kuwa sababu ya kifo.

Funzo la Memphis

Baada ya kifo cha 1987, mji wa Memphis ulifanya jambo lisilo la kawaida. Polisi, madaktari, chuo kikuu na jamaa za wagonjwa waliketi meza moja. Mwaka 1988 waliunda kikosi maalum cha polisi wa kushughulikia dharura za akili.

Maafisa waliojitolea walifunzwa kwa saa 40. Walijifunza dalili za maradhi, waliwasikiliza wagonjwa na familia zao, na kufanya mazoezi ya kumtuliza mtu kwa maneno. Waliendelea na doria zao za kawaida, lakini simu ya mgonjwa wa akili ilipoingia, wao ndio walioitwa na wao ndio walioongoza wenzao.

Jambo la pili, ambalo wengi waliouiga mtindo huo walilisahau, lilikuwa mahali pa kumpeleka mgonjwa. Hospitali moja mjini humo ilikubali kumpokea kila mtu aliyeletwa na polisi, saa zote, bila kumrudisha. Afisa aliweza kumkabidhi na kurejea kazini kwa muda mfupi. Iwapo hospitali ingemkalisha usiku kucha, angeona heri kumpeleka seli.

Mtindo wa Memphis umeenea katika miji na kaunti zaidi ya 2,000 za Marekani. Palipochukuliwa mafunzo pekee bila hospitali, manufaa yamekuwa haba.

Kanuni zisizofuatwa

Kuwepo kwa mwongozo pia si kinga. Oktoba 1984, katika mtaa wa Bronx jijini New York, polisi waliitwa kumfurusha Eleanor Bumpurs, mwenye umri wa miaka 66, kutoka nyumba yake kwa ajili ya kodi. Mamlaka zilijua kwamba alikuwa na matatizo ya akili. Alishika kisu, afisa akampiga risasi mbili. Mwaka 1987 afisa huyo aliondolewa mashtaka.

Idara ya polisi ilibadilisha taratibu zake. Maafisa walitakiwa kumzingira mgonjwa kwa mbali na kusubiri kikosi cha dharura chenye ujuzi.

Oktoba 2016, miaka 32 baadaye, katika Bronx iyo hiyo, Deborah Danner, naye akiwa na umri wa miaka 66, aliuawa kwa risasi chumbani mwake. Sajini aliyeingia hakusubiri kikosi hicho. Mwanamke huyo alikuwa na makasi, kisha akashika gongo la kuchezea besiboli.

Miaka minne kabla ya hapo, Danner alikuwa ameandika insha kuhusu maisha yake na ugonjwa wa skizofrenia, akitaja hofu ya wagonjwa kama yeye kuuawa na polisi. Kamishna wa polisi wa wakati huo, James O’Neill, alikiri kwamba idara yake ilikuwa imeshindwa. Hata hivyo, mahakama ilimwondolea sajini huyo mashtaka mwaka 2018.

Kumtuma mwingine badala ya polisi

Kutokana na visa hivyo, baadhi ya miji iliamua kwamba afisa mwenye bunduki asitumwe kabisa pale ambapo hakuna uhalifu.

Mji wa Eugene, jimbo la Oregon, ulianza mapema. Kuanzia mwaka 1989, kliniki ya White Bird iliendesha huduma iliyoitwa CAHOOTS. Simu ya mtu aliyezidiwa ilipopigwa, lilitumwa gari lenye mhudumu wa afya na mshauri nasaha, wote bila silaha. Kwa mujibu wa kliniki hiyo, mwaka 2019 huduma ilishughulikia takriban visa 24,000, na polisi waliombwa kuongeza nguvu mara 311 pekee.

Hata hivyo, sifa njema hazikuiokoa kutokana na ukata. Aprili 2025, huduma hiyo ilisitishwa mjini Eugene kufuatia matatizo ya fedha. Ilikuwa imedumu miaka 35 na kuigwa kote nchini.

Mji wa Denver ulianzisha huduma kama hiyo Juni 2020. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kuwa ripoti za makosa madogo zilipungua kwa asilimia 34 katika maeneo yaliyohudumiwa. Julai 2022, Marekani nzima ilipata nambari ya simu 988 kwa ajili ya dharura za akili, ili wananchi wasilazimike kupiga 911.

Uingereza imechukua mkondo wa aina hiyo. Polisi wa Humberside walianzisha mwaka 2020 utaratibu wa kutohudhuria visa vya kiafya visivyo na uhalifu wala hatari ya papo hapo kwa maisha. Julai 2023, serikali na polisi waliafikiana kuueneza kote England na Wales.

Watetezi wa wagonjwa wameonya kwamba polisi wakijiondoa kabla ya wahudumu wa afya kuwepo wa kutosha, mgonjwa hataachwa mikononi mwa bunduki, bali ataachwa peke yake. Onyo hilo ni la haki. Kumwondoa polisi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumweka mtu mahali pake.

Sheria za Kenya zinasemaje?

Nchini Kenya, polisi wamekuwa sehemu ya shughuli hii kisheria kwa miaka mingi. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, ilipotungwa, iliwapa maafisa wa polisi wa cheo cha inspekta au zaidi, wakuu wa vituo, machifu na manaibu wao uwezo wa kumchukua mtu anayeaminika kuwa na maradhi ya akili, iwapo ni hatari kwake au kwa wengine.

Lakini sheria hiyo haikusema apelekwe seli na kusahauliwa. Ilitaka afikishwe katika hospitali ya akili katika muda wa saa 24, au muda wa kadiri, na mzigo wa kuthibitisha kwamba hapakuwa na uzembe uliwekwa kwa aliyemchukua.

Marekebisho yaliyotiwa saini Juni 2022 yalizitwika serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za akili, na kueleza haki za mgonjwa kwa uwazi zaidi, ikiwemo haki ya kutunzwa kwa heshima.

Kuhusu nguvu, Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 halina utata. Afisa sharti ajaribu kwanza njia zisizo za kikatili. Nguvu hutumiwa tu njia hizo zinaposhindwa, tena kwa kadiri ya kosa na upinzani. Akimjeruhi mtu, ampatie matibabu mara moja. Mtu akifa au akiumia vibaya, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) ni lazima ijulishwe. Kisingizio cha kutii amri ya mkubwa hakikubaliki.

Kinachokosekana ni kile ambacho Memphis ilikijua tangu 1988: mahali pa kumpeleka mgonjwa. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanzishwa 1910 enzi za ukoloni, imebeba mzigo wa taifa kwa zaidi ya karne moja. Kwa mkazi wa Mandera au Lodwar, saa 24 ni safari tu.

Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mashinani, mara nyingi wa kwanza kumfikia mgonjwa si daktari wala polisi, bali majirani wenye kamba, na pengine umati unaomdhania kuwa mwizi.

Zaidi ya hayo, hadi hivi majuzi sheria yenyewe ilimgeuza mgonjwa kuwa mhalifu. Kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Aliyenusurika angeweza kutolewa wodini na kupelekwa kizimbani. Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Uamuzi huo una uzito katika suala hili. Polisi anayeitwa nyumbani kwa mtu anayetaka kujiua alikuwa, kwa mujibu wa kifungu hicho, akienda kumkamata mshukiwa. Kwa msingi wa uamuzi wa Mahakama Kuu, anakwenda kumwokoa mgonjwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo huamua mkono utatangulia kushika nini.

Unapolazimika kuita polisi

Katika maeneo mengi, familia haina budi kupiga simu kituoni. Wataalamu wanashauri mambo kadhaa yanayoweza kuokoa maisha.

Kwanza, sema mara moja kwamba mhusika ni mgonjwa, taja ugonjwa wake kama unajulikana, na dawa anazotumia. Pili, eleza ukweli kuhusu silaha: kama anayo, ni ipi, kama hana, sema hana. Tatu, eleza kinachomtisha na kinachomtuliza, na jina analopenda kuitwa.

Nne, ondoa watoto na vitu vyenye makali kabla ya polisi kufika, iwapo kuna usalama wa kufanya hivyo. Tano, wapokee maafisa nje, uwaeleze hali kwa utulivu, na uwaombe mmoja pekee azungumze naye. Sita, akishikwa na kulazwa chini, sisitiza ageuzwe ubavu au aketishwe mara tu anapodhibitiwa, na apelekwe hospitalini, si seli.

Wazee walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Katika nyumba yenye mgonjwa aliyezidiwa, methali hiyo ni kanuni ya kazi. Aliye na kisu na amesimama peke yake chumbani hana haraka ya kwenda popote. Mwenye haraka, mara nyingi, huwa ni yule aliyevaa sare.